Daz Studio, Blender au VRoid: upi wakufae kwa katuni ya kandokando ya ziwa?

Ukurasa niliotumia kuzipima programu hizi una fremu tano tu. Mama anakusanya dagaa mchangani haraka haraka, wingu limeshaziba upande wa kisiwa cha Ukerewe. Kijana wake anakuja na karabai mkononi. "Mayu, leo giza. Natoka na wenzangu." Mama hajibu, anatazama ziwa. Fremu ya mwisho ni usiku: mtumbwi peke yake majini, na mwanga wa karabai umempiga kijana usoni kutokea chini.

Kwa wasiotoka huku, giza ni zile siku ambazo mwezi hauonekani, ndizo dagaa hufuata taa. Mtu wa Mwanza akisoma fremu hiyo ya pili anajua mara moja kwamba kijana hawezi kusubiri wingu lipite. Ndiyo maana naipenda hadithi hii, na ndiyo maana nimeitengeneza mara tatu kwa programu tatu: kwenye laptopu yangu yenye RAM ya GB 8 isiyo na kadi yake ya grafiki, na kwenye kompyuta ya mezani ya rafiki yangu kule Buzuruga, yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 3060 ya GB 12.

Makala haya ni kwa anayetaka kutengeneza katuni bila kuchora kila kitu kwa mkono. Unaweka mhusika wa kompyuta, unampa pozi, unawasha taa, unachagua kamera ikae wapi, kisha unairenda picha, yaani unaiachia kompyuta ipige hesabu ya mwanga na kukutolea picha kamili. Baada ya hapo unapanga fremu, unaweka viputo vya maneno, ukurasa umekamilika. Kazi hiyo inafanyika kwa njia nyingi, na wengi hukwama mwanzoni kabisa, kwenye kuchagua programu.

Ninapima nini

Naangalia mambo matano. Mashine na umeme inaohitaji. Bando na pesa. Sura, nywele na nguo za watu wetu. Urahisi wa kumrudia mhusika yuleyule fremu baada ya fremu. Na haki ya kuuza ulichotengeneza.

La nne ndilo ninalolipa uzito mkubwa, ingawa wanaoanza hulisahau. Mtu anaona picha moja ya kupendeza mtandaoni, anasema hiyo hiyo ndiyo programu yangu. Lakini kitabu cha kurasa 24 chenye fremu tano kila ukurasa ni picha 120. Programu inayokupa picha moja ya kushangaza kwa siku tatu itakuacha ukurasa wa pili.

Daz Studio ni programu ya Marekani inayotolewa bure, na inakuja na wahusika waliokwisha kuundwa, mifupa na ngozi tayari. Wewe unawabadilisha na kuwavalisha. Blender ni programu huria, chanzo chake kiliwekwa wazi mwaka 2002, na ndani yake unaweza kuunda kitu chochote kuanzia mtu hadi jiwe. VRoid Studio inatoka kampuni ya Pixiv ya Japani, nayo ni bure. Inatengeneza wahusika wa mtindo wa anime, katuni za Kijapani, na hao tu. Ipo pia Poser, mkongwe wa fani hii tangu 1995, ambayo ina namna ya kuonyesha picha kwa mistari kama ya katuni. Ni ya kulipia. Sikuitengenezea ukurasa huu, lakini falsafa yake ni ya Daz: unaanza na watu waliokwisha kuundwa.

Mashine na umeme

Daz hurenda kwa injini (sehemu ya programu inayopiga hesabu ya mwanga) iitwayo Iray, iliyotengenezwa na NVIDIA, na kadi inayoitambua ni ya NVIDIA peke yake. Ukiwa na kadi ya kampuni nyingine, au huna kabisa, kazi yote inaangukia prosesa. Fremu yangu ya usiku ilikaa kwenye laptopu saa sita na bado ilikuwa na chengachenga kama picha ya televisheni ya zamani. Kule Buzuruga fremu hiyo hiyo ilitoka kwa dakika kumi na mbili. Jambo jingine: mandhari ikizidi kumbukumbu ya kadi, Iray inaiacha kadi na kurudi kwenye prosesa, na unaweza usijue mpaka uone saa zinakwenda. Dawa ni kupunguza ukubwa wa picha anazovikwa mhusika kuwa ngozi na nguo, kuficha vitu visivyoonekana na kamera, na kurenda mandhari ya nyuma peke yake.

Usiku ni mgumu kwa injini yoyote ya aina hii, kwa sababu mwanga ukiwa kidogo chengachenga huongezeka. Niliishia kuiwashia mandhari taa nyingi kuliko inavyostahili, kisha nikaitia giza baadaye kwenye Krita, programu ya kuchora na kuhariri picha. Uso ukatoka safi.

Blender inakupa injini mbili. Cycles inafuata mwanga unavyotembea kama Iray, lakini inakubali kadi za NVIDIA, AMD, Intel na za Apple, na ina kisafisha chengachenga ndani yake. Eevee, iliyokuja na toleo la 2.80 mwaka 2019, inakisia mwanga badala ya kuufuata, hivyo ni ya haraka sana. Laptopu yangu ilitoa fremu ya usiku kwa Eevee chini ya dakika moja. Mwanga wa karabai haukuwa na ule ulaini wa Iray shavuni, lakini kwa katuni ulitosha.

Kuna mbinu moja ya Blender ambayo ningependa kila mtu anayeishi na umeme wa kukatika aijue. Usirende fremu moja moja. Zipange kwenye mstari wa muda kana kwamba ni filamu: fremu ya kwanza ya katuni ikae namba 1, ya pili namba 2, na kila kamera uifunge kwenye alama ya namba yake. Uamuru zirendwe zote usiku kama mfuatano wa picha, na uondoe alama ya tiki kwenye kisanduku cha kuandika juu ya faili zilizopo. Kila picha ikikamilika inahifadhiwa hapo hapo. Umeme ukikatika saa nane usiku unapoteza picha iliyokuwa jikoni tu. Asubuhi ukiamuru upya, programu inaruka zilizokwisha na kuendelea na zilizobaki. Daz nayo inaweza kurenda mfuatano wa picha, lakini mandhari nzito zikifuatana huwa inachoka, na mimi sikuwahi kuiachia usiku kucha kwa amani.

VRoid yenyewe ni nyepesi, inakimbia kwenye laptopu ya kawaida. Ila ni kiwanda cha mhusika. Ziwa, mtumbwi na mchanga havimo, kwa hiyo utamtoa mhusika kwa faili la VRM, aina ya faili la wahusika, na kumpeleka Blender kupitia kiongezi, programu ndogo unayoipachika Blender ili ilisome faili hilo. Hesabu ya kurenda inakuwa ile ya Eevee.

Bando na pesa

Blender ni faili moja la chini ya MB 500, unapakua mara moja na umemaliza. VRoid nayo haikukamui. Daz programu ni bure, lakini inaishi kwa maudhui: mhusika, ngozi, nywele, nguo, pozi, kila kimoja ni upakuaji wake, na baada ya mwezi folda imejaa makumi ya GB. Duka lake linauza kwa dola, utahitaji kadi inayolipa mtandaoni, na punguzo za kila siku zinavuta mkono. Binafsi nilijiwekea sheria: sinunui kitu mpaka nimeandika kwenye hati ya hadithi ni fremu ipi inakihitaji. Mashati mawili na seti moja ya nywele ndivyo nilivyonunua kwa ukurasa huu.

Sura, nywele na nguo

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote.

Ngozi ya Daz ni nzuri kweli. Mwanga unaingia kidogo kabla ya kurudi, kama kwa mtu hai, na ngozi nyeusi chini ya mwanga wa njano wa karabai inapata rangi ya shaba ambayo sikuipata kwingine. Genesis 9, kizazi cha wahusika wa Daz cha mwaka 2022, kina vitelezi, vile vibonye vya kuburuta kuongeza au kupunguza, vya kila kitu: upana wa pua, unene wa mdomo, umri. Tatizo ni pale unapoanzia. Watu wa dukani wametengenezwa wawe warembo, na mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hafanani na mtu wa tangazo. Nilimwongezea umri, nikampunguzia mng'ao wa paji la uso, nikamwinamisha mabega kidogo. Bado hakuwa yeye. Kilichomleta ni mikono. Anayeshughulika na dagaa kutwa, ule unga wa fedha wa magamba humganda kwenye vidole na pembeni mwa kucha. Nilifungua picha ya ngozi ya mikono kwenye Krita, nikapaka madoa madogo ya fedha, nikarudisha. Fremu ya kwanza ikawa ya Mwanza.

Nguo ni shughuli nyingine. Duka halina kanga. Nilichukua kitambaa bapa, nikakipa picha ya kanga yenye pindo, mji na jina, nikaiacha programu ikiangushe mwilini kwa nguvu ya uzito wake; Daz ina mfumo wa hilo uitwao dForce. Mara ya kwanza jina lilitokea kichwa chini mgongoni, na msomaji wa kike yeyote angeliona kabla ya kuuona uso. Mara ya tatu kanga ilikaa, isipokuwa fundo. Kitambaa cha kompyuta hakijui kufungwa fundo. Nikamwinamisha mama mkono wake ukafunika mahali pale.

Kwenye Blender nilianza na mtu kutoka MakeHuman, programu huria ambayo mtu unayemtoa humo unaweza kumtumia kwa lolote bila sharti. Ina kitelezi cha asili ya Kiafrika, na matokeo yake ni mtu wa kawaida, wa mtaani, jambo ninalolipenda. Ngozi yake haifiki ile ya Daz mpaka uishughulikie mwenyewe. Lakini kanga ilikubali vizuri zaidi, kwa sababu unaweza kubana sehemu za kitambaa zisisogee na kuacha nyingine zianguke. Lile fundo nililichonga kama kitu cha pekee na kulipachika. Ilinigharimu wikiendi mbili za kujifunza.

VRoid inakwenda njia nyingine kabisa. Macho makubwa, pua ndogo, rangi bapa. Rangi ya ngozi unachagua yoyote, na vitelezi vya pua na mdomo vinasogea, lakini ukikaza sana uso unavurugika. Mama yangu alitoka kijana kuliko mwanawe. Nikamwongezea mistari miwili chini ya macho kwa kuipaka kwenye ngozi, ikasaidia. Nywele zinajengwa kwa vipande vinavyochorwa kama utepe: mabutu na rasta vinatoka vizuri sana, kipilipili kilichonyolewa karibu na ngozi hakitoki, nikakipaka rangi kichwani tu. Kanga ikawa sketi yenye rangi za kanga. Kwa mbali inapita. Kwa karibu, hapana.

Na mtumbwi? Karabai? Tenga, sado ya kupimia dagaa? Hakuna popote. Maduka yamejaa ngome na bunduki za anga za juu. Vya kwetu nimevichonga vyote kwenye Blender, hata vile vilivyoishia ndani ya Daz. Mitumbwi mingi siku hizi inatumia taa za betri, lakini nilitaka ule unjano wa karabai, kwa hiyo nilichonga tangi, kioo na kofia ya bati. Mawe yalikuwa rahisi kupita yote: mpira unaouvuruga kidogo, ukaupandisha juu ya mwenzake, na mtu wa Mwanza anakuambia hii ni Kamanga. Kwa hiyo hata ukichagua Daz, jifunze Blender ya kuchonga vitu vidogo. Bila hivyo wahusika wako watasimama mbele ya bandari ya nchi nyingine.

Kumrudia mhusika

Daz imejengwa kwa hili. Unamhifadhi mama na kanga yake, unamwita tena kwenye fremu inayofuata akiwa yuleyule, unampa pozi la tayari kisha unarekebisha mkono na shingo. Hisia za uso zina vitelezi, unachanganya huzuni kidogo na hasira kidogo. Onyo moja: pozi za dukani nyingi ni za watu wanaojua wanapigwa picha. Nenda ufukweni asubuhi, tazama mtu anavyoinama kukung'uta dagaa, magoti yake yako wapi, kisha urudi urekebishe.

Blender inaweza yote hayo, ina maktaba ya vitu na ya pozi, lakini lazima uipange mwenyewe, na mifupa ya uso ndiyo itakayokutoa jasho. Ukishaipanga hurudii tena.

VRoid inashangaza hapa. Mhusika anatoka na hisia za msingi tayari, furaha, hasira, huzuni, na maumbo matano ya mdomo: A, I, U, E, O. Ni Wajapani waliyaweka kwa lugha yao, lakini ndizo vokali zetu zilezile. Kijana anaposema "natoka" unachagua O na mdomo unakubali. Fremu tano nilizimaliza jioni moja, wakati Daz ilinichukua siku nne na Blender wiki mbili kwa mara ya kwanza.

Haki ya kuuza

Picha unazorenda na Daz ni zako kuuza, kitabuni au mtandaoni. Usichoruhusiwa ni kugawa modeli zenyewe, na mchezo wa kompyuta unahitaji leseni nyingine. Leseni ya Blender inahusu programu, haigusi kazi yako. Mhusika uliyemuunda VRoid ni wako, ila nguo na nywele unazochukua kwa wengine zina masharti ya kila muuzaji, na mara nyingine yameandikwa Kijapani. Yasome kabla ya kuchapisha.

Baada ya kurenda, kazi ya mwisho ni moja kwa wote. Mimi natumia Krita, nayo bure. Kwa kusomwa kwenye simu kwa kushuka chini, upana wa pikseli 800 umezoeleka. Kwa kuchapa A5, andaa pikseli 1748 kwa 2480. Na kumbuka WhatsApp hubana picha, kwa hiyo herufi za viputo ziwe kubwa kuliko unavyodhani.

Kwa hali yako

Una laptopu ya kawaida, umeme unakatika, na unataka kutoa sura mpya ya hadithi kila wiki kwa vijana wanaosoma kwenye simu: VRoid kwa wahusika, Blender kwa mandhari, Eevee kwa kurenda. Ukubali tu kwamba watu wako watakuwa na macho ya anime, na uandike hadithi inayoendana nayo, ya vichekesho au ya majini na mizimwi ya mawe.

Una kadi ya NVIDIA, au rafiki mwenye nayo, na hadithi yako inategemea nyuso, mama na mwana, ndoa, msiba: Daz. Tenga bajeti ya duka kabla hujaifungua, na utenge siku za kutengeneza kanga.

Hadithi yako inategemea mahali kuliko nyuso, kivuko, soko, dhoruba ziwani, vilima vya mawe vyenye nyumba juu yake, na una miezi mitatu ya kujifunza bila haraka: Blender peke yake. Vivyo hivyo kama huna njia ya kulipa mtandaoni, au unatumia Linux, ambako Daz haina toleo lake.

Mko wawili au watatu, gaweni. Mmoja achonge mitumbwi na mawe kwenye Blender, mwingine asimamie wahusika kwenye Daz, wa tatu apange fremu na maneno kwenye Krita. Kubalianeni mapema mwanga unatoka upande gani, maana mhusika aliyepigwa jua kulia hawezi kukaa mbele ya ziwa lililopigwa jua kushoto.

Na kama bado huwezi kuamua, chukua ukurasa mmoja wa hadithi yako, urudie kwenye programu mbili kwa wiki moja kila moja. Usianze na fremu ya kwanza. Anza na ile ya usiku, ndiyo itakayokuonyesha mapema mashine yako inaishia wapi.